Kutoka Kiti cha Fundi: Namna Komanda Wetu Alivyoongoza

Hapa Lubumbashi, ukisema uliwahi kufanya kazi kwenye ndege za jeshi, watu wanataka habari za rubani. Mimi sikuwa rubani. Nilikuwa fundi wa ndani, yule anayeketi katikati ya marubani wawili, nyuma yao kidogo, macho kwenye saa za injini nne. Ndege yetu ilikuwa Hercules C-130, mojawapo ya zile ambazo Zaire ilinunua miaka ya 1970. Tulikuwa watu watano: rubani mkuu tuliyemwita Komanda, rubani msaidizi, mwongozaji njia, mimi, na msimamizi wa mizigo huko nyuma. Kiti changu hakikuwa na usukani, lakini kutoka pale nilimwona Komanda kwa namna ambayo hata wakubwa wake hawakumwona. Niliona mikono yake inafanya nini mambo yanapoharibika.

Ninaandika haya kwa ajili ya vijana wa mji huu wanaopewa madaraka mapema. Mmoja ni mkuu wa zamu mgodini, mwingine anasimamia bohari, mwingine ana madereva arobaini chini yake na mwenyewe hajafika miaka thelathini. Wanapita garajini kwangu na kuniuliza jeshi lilinifundisha nini kuhusu kuongoza watu. Wengi wanatazamia niwaeleze habari za amri na sauti kubwa, kwa sababu ndicho wanachokijua kuhusu askari. Nilimfuata Komanda yule miaka mingi, na sauti yake kubwa niliisikia tu pale injini zilipokuwa zinanguruma na mtu yuko karibu na pangaboi. Jina lake nitaliacha. Amekwisha kufariki, na watoto wake wapo.

Kabla ya kuwasha injini alituita chini ya bawa, tukasimama duara. Aliyeanza kusema alikuwa msimamizi wa mizigo, mara nyingi sajini kijana, mwenye cheo cha chini kuliko sisi wote. Alitaja uzito, akaeleza mizigo imefungwaje, nani amepanda, na kama kuna jambo linalomsumbua. Nilifuata mimi na habari za injini na mafuta. Kisha mwongozaji njia, kisha rubani msaidizi. Komanda alisema mwisho. Siku moja rubani msaidizi mgeni, ambaye alikuwa amezoea wakubwa kufungua mazungumzo, alimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akamjibu: "Nikianza mimi, ninyi mtakuwa mnanijibu mimi. Nataka mseme kuhusu ndege."

Jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu linakwenda kinyume na tulivyolelewa. Kwetu mtoto hamkatizi mzee. Kwenye kikao cha familia, mkubwa akishatoa neno, anayefuata anatafuta namna ya kukubaliana nalo, na hata mwenye wazo tofauti atalizungusha hadi lifanane na la mzee. Jeshini ni hivyo mara mbili. Mimi siioni heshima hiyo kuwa ugonjwa. Wanangu nimewalea ndani yake na wajukuu nawalea vivyo hivyo. Vitabu vya usimamizi vinavyoletwa na wageni vinatuambia tuitupe, kila mtu amwite bosi kwa jina lake, na eti hapo ukweli utatoka. Nimeona ofisi zilizojaribu. Watu wanamwita bosi kwa jina na bado wanamficha mambo.

Komanda hakuivunja heshima. Aliitafutia mlango. Alituambia kwamba ndani ya ndege yake kuna sentensi moja ambayo mtu yeyote anaweza kuisema, wakati wowote, na haitahesabiwa kuwa utovu wa adabu: "Komanda, sijaridhika." Manyuali yetu yalikuwa ya Kifaransa, kambini Kinshasa tulizungumza Kilingala, naye na mimi tulikuwa watu wa Kiswahili, akasema iseme kwa lugha iliyo karibu zaidi na ulimi wako. Ikisemwa tukiwa ardhini, tunasimama. Ikisemwa tukiwa tunatua, tunaongeza nguvu na kupanda tena. Maelezo yanakuja baadaye, tukiwa salama. Aliyeisema hatakiwi kuwa na hakika, wala kuwa na ushahidi. Inatosha kwamba hajaridhika.

Angalia namna sentensi hiyo ilivyotengenezwa. Inaanza na cheo cha mkubwa, kwa hiyo mdogo anapoitamka hajisikii amemvua mtu nguo. Haimshitaki mkubwa kwamba amekosea. Inasema hali ya msemaji tu. Sajini wa miaka ishirini na miwili anaweza kuitoa mdomoni mbele ya kanali, moyo ukidunda, na bado akabaki mtoto mwenye adabu. Nimewahi kuona viongozi wanaosema "mlango wangu uko wazi" kisha wanashangaa kwamba hakuna anayeingia. Watu wa chini yako wanahitaji maneno hasa, yaliyokubaliwa mapema, waliyokwisha kuyatamka kwa sauti siku ambayo hakuna hatari.

Kila aliyejiunga nasi alisimuliwa habari ya Tenerife. Machi 27, 1977, ndege nyingi zilielekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos katika kisiwa hicho cha Uhispania, kwa kuwa bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa Las Palmas. Ukungu ukashuka. Boeing 747 mbili zikawa kwenye njia moja ya kurukia, hazionani, na mnara hauzioni. Rubani mkuu wa mojawapo, ya kampuni ya Uholanzi ya KLM, alikuwa mwalimu wa marubani wa 747 katika kampuni yake, mtu ambaye picha yake ilitumika kwenye matangazo. Alianza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Mtu mmoja ndani ya chumba kile cha marubani alihisi kuna kasoro: fundi wa ndani, mtu wa kiti kama changu. Aliuliza kama ile ndege nyingine, ya Pan American, haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Wakaendelea. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege mbili iliyoua wengi zaidi ya hiyo.

Wengi wanaoisimulia hadithi hiyo wanamlaumu rubani kwa kiburi na kuishia hapo. Komanda alikaa zaidi kwa yule fundi. Alisema: yule fundi aliona, akafungua mdomo, lakini alileta swali, na swali likijibiwa limekwisha. Mkubwa akisema "ndiyo, imetoka", mdogo anabaki na nini? Ndiyo sababu yeye alitaka kauli. "Sijaridhika" haina jibu la ndiyo wala hapana. Lazima mtu afanye kitu. Miaka miwili baada ya Tenerife, mwaka 1979, NASA, shirika la anga la Marekani, iliwaita watu wa mashirika ya ndege kuzungumzia namna wafanyakazi wa chumba cha marubani wanavyotumiana na kusikilizana, na kutoka hapo yakaanza mafunzo ambayo leo marubani wa mashirika ya ndege wanayapitia. Komanda aliyapata kwa wakufunzi wa nje, akayashona upya kwa mwili wetu.

Sasa habari za uzito, na hapa nitachelewa kidogo, maana ndipo nilipojifunza kwamba kiongozi anapimwa kwa anavyosimama mbele ya wakubwa wake zaidi ya anavyosimama mbele ya wadogo.

Uwanja wa ndege wa Luano, hapa mjini kwetu, uko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila mkazi wa Lubumbashi anajua Oktoba yetu: mvua haijafika, vumbi jekundu limejaa, mchana joto linagonga nyuzi 32. Hewa ya mahali pa juu tayari ni nyepesi, na joto linaipunguza tena. Ukipiga hesabu, mabawa yanajiona yako kwenye mita 2,200 hivi wakati magurudumu bado yako Luano. Injini nazo zinapungukiwa. Injini ya Hercules zetu, ile ya T56, ina kikomo cha joto la turbini, nyuzi 1,077 wakati wa kuruka. Siku ya baridi ya Juni unasukuma na nguvu inakuja yote. Mchana wa Oktoba saa ya joto inagusa mstari mwekundu kabla nguvu haijatimia, na fundi lazima amwambie rubani: hapa ndipo mwisho.

Siku moja ya Oktoba afisa mmoja mkubwa alikuja na mzigo wake juu ya mzigo tuliokuwa nao. Magunia, vyombo, na jamaa kadhaa waliokuwa na haki yao ya kusafiri na waliokuwa na watoto. Ilikuwa saa nane mchana. Msimamizi wa mizigo alijumlisha, mimi nikatafuta kwenye majedwali, na tukampa Komanda matokeo: njia ilitosha kuruka, lakini injini moja ikifa katikati, haitoshi kusimama wala kupanda. Alitusikiliza, akaomba karatasi, akapiga hesabu mwenyewe kwa sauti ili kila mtu asikie kila tarakimu. Kisha akasema ndege itaondoka alfajiri, wakati Oktoba ya hapa bado inakuruhusu kuvaa koti, na mzigo wa ziada utakuja kwa safari nyingine.

Ninachotaka vijana wakisikie ni kilichofuata. Hakumtuma sajini kupeleka habari mbaya. Alivuka uwanja kwa miguu, akamkabili afisa yule, na tulisikia maneno yake kutoka kwenye ngazi: "Mimi nimekataa." Tarakimu zilikuwa zangu na za sajini, lakini hakututaja hata kidogo. Afisa alipandisha, akatishia kuandika ripoti, na ripoti ikaandikwa. Komanda alichelewa kupandishwa cheo baada ya hapo. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ile, ingawa sisi sote tuliamini hivyo. Kwetu haikuwahi kufika karipio hata moja. Baada ya siku ile, nani angemficha Komanda tarakimu mbaya? Tulijua kwamba ukimpa ukweli, anaubeba kwa mgongo wake.

Januari 8, 1996, Antonov 32 iliyozidiwa uzito ilishindwa kuinuka kutoka uwanja wa Ndolo mjini Kinshasa, ikapita mwisho wa njia na kuingia sokoni, mahali ambapo akina mama walikuwa wanauza unga na mboga. Mamia ya watu walikufa. Wakati huo wengi waliokuwa wakimcheka Komanda kwa hesabu zake za karatasi waliacha kumcheka, na mimi nilikaa nikimfikiria rubani yeyote aliyewahi kuambiwa "ongeza kidogo tu" na akakosa mtu wa kusimama naye.

Wapo wanaodhani uamuzi wa rubani ni wa sekunde moja, wa kishujaa. Kwenye Hercules tulihesabu mapema kasi ambayo ukiipita huwezi tena kusimama kwenye njia iliyobaki. Komanda alisema kwa sauti, kabla ya kuachia breki: kitu kikitokea kabla ya kasi hii, nasimama, kikitokea baada yake, tunaruka na tatizo letu. Tukakubali sote. Kwa hiyo pale kishindo kilipokuja hapakuwa na mjadala wala mshangao usoni kwa mtu. Uamuzi ulikuwa umefanyika tukiwa tumetulia, jasho halijatoka. Mkuu wa zamu anayesoma haya ajiulize kama vijana wake wanajua leo, kabla pampu haijafa usiku, nani ana ruhusa ya kuzima mtambo bila kumpigia simu.

Kishindo kilikuja kweli, ingawa bila sauti. Tulikuwa tunatoka Kinshasa kuja Lubumbashi, kilomita zaidi ya 1,500, msimu wa mvua, mawingu yamesimama Katanga nzima kama ukuta wa udongo mbichi. Tulikuwa na familia za askari nyuma. Niliona shinikizo la mafuta ya kulainisha ya injini namba tatu linashuka. Nikasema: "Komanda, sijaridhika na namba tatu."

Mikono yake ndiyo ninayoikumbuka. Aliiondoa kwenye usukani. Alimwambia rubani msaidizi: "Shika ndege. Kazi yako ni kurusha ndege tu, usitazame kitu kingine." Mwongozaji njia akaulizwa uwanja wa karibu, akasema kambi ya Kamina. Mimi nikaambiwa nifungue kitabu. Utaratibu wa kuzima injini ile niliujua kwa moyo, naye alijua kwamba naujua, lakini tulisoma mstari kwa mstari. Nilipoweka mkono kwenye mpini nilisema "namba tatu" na kusubiri sauti ya pili iseme "namba tatu, ndiyo" kabla ya kuvuta, kwa maana zipo ndege zilizoanguka duniani kwa sababu mtu hodari alizima injini nzima na kuacha ile mbovu.

Kwa nini alimpa mtu mmoja kazi ya kurusha ndege tu? Komanda alitusimulia mara nyingi habari ya ndege ya Eastern, kampuni ya Marekani, iliyoanguka kwenye mabwawa ya Florida usiku wa Desemba 29, 1972. Taa ndogo ya magurudumu haikuwaka. Wote ndani ya chumba cha marubani wakashughulika na ile taa. Hakuna aliyetambua kwamba ndege imeanza kushuka polepole, na watu 101 walikufa kwenye ndege iliyokuwa nzima isipokuwa balbu. Tangu niondoke jeshini nimeliona jambo hilo mara nyingi katika kazi za kawaida. Mashine inaharibika, na wote, kuanzia mkuu hadi mfagiaji, wanakimbilia mashine. Anayetazama moto upande wa pili hayupo. Mkuu ndiye anayestahili kuondoa mikono kwanza, agawe kazi, halafu abaki na macho huru.

Kuna jambo jingine alilolifanya siku ile ambalo halimo katika manyuali. Alimwita msimamizi wa mizigo kwenye redio ya ndani, akamwambia: "Waambie akina mama huko nyuma kwamba injini moja tumeizima wenyewe, tatu zinafanya kazi vizuri, na tunashuka Kamina. Waambie hivyo hivyo." Walikuwa wameshaona pangaboi moja limesimama. Ungewaambia kwamba hakuna kitu, wasingekuamini tena hadi mwisho wa safari. Sajini alituambia baadaye kwamba mama mmoja aliuliza tu kama Kamina kuna maji ya kunywa ya watoto.

Tulitua. Chini ya bawa, duara lile lile, tukachambua safari. Vyeo viliwekwa kando kwa muda wa kikao hicho, na Komanda alianza na lake: alichelewa kuwaambia watu wa nyuma, akasema, dakika kadhaa nzima walikaa na hofu bila sababu. Mkuu akishaanza hivyo, wengine hawana haja ya kujitetea. Kikao kilikuwa kifupi. Kilichosemwa pale hakikwenda kantini.

Halafu ikaja miaka ambayo hapakuwa na ndege ya kurusha. Septemba 1991 askari waliokosa mishahara walianza uporaji Kinshasa, na mwezi uliofuata Lubumbashi nayo ikaporwa. Wanaoishi hapa na wana umri wanakumbuka maduka yaliyobaki kuta tupu. Misaada ya kijeshi kutoka nje ikakatika. Vipuri vikaisha. Ndege ikisimama, inaanza kutolewa kipande hiki na kile ili kuiponya nyingine, hadi inabaki mifupa. Mishahara ilipofika, ilikuwa imekwisha kuyeyuka njiani: Oktoba 1993 serikali ilileta sarafu ya Zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na hata hiyo mpya haikudumu. Rubani mwenye saa elfu kadhaa angani anauza sigara na mkate. Fundi anatengeneza redio za watu. Niliona wanaume wenye uwezo wakipotea katika pombe, na si kwa sababu ya hatari, maana hatari waliizoea. Kilichowamaliza ni kuamka asubuhi bila mtu anayewangojea.

Komanda alitungojea. Kila asubuhi ya kazi, ndege iwepo isiwepo, tulikutana katika banda saa ile ile. Alipanga viti vitano vya mbao kama vilivyopangwa ndani ya Hercules. Tulikaa, tukafumba macho, tukarusha safari nzima: kuwasha injini, kuondoka, moto kwenye namba moja, umeme umekatika, mtoto anashindwa kupumua huko nyuma. Mikono ilikwenda kwenye swichi zisizokuwepo. Marubani wa jeshi kote duniani wanafanya mazoezi ya kiti, si uvumbuzi wake. Lakini kwingine ni maandalizi ya kesho, na kwetu ilikuwa miezi bila kesho inayojulikana. Waliopita mlangoni walitutazama kwa huruma. Kisha siku ilipotokea kwamba ndege moja imepona na safari ipo, sisi watano tulikuwa tayari, na wengine walihitaji wiki kadhaa kukumbuka.

Mazoezi yale yalichukua saa moja. Baada yake alituuliza kila mmoja: umelala? Umekula? Nyumbani kukoje? Wageni walidhani ni salamu. Yalikuwa maswali ya kazi, na alisubiri jibu la kweli. Fundi ambaye hajala tangu jana ana kasoro kama injini isiyo na mafuta, na kasoro hiyo mkuu anatakiwa kuijua kabla ya kuruka. Kutokana na majibu yale tulianzisha likelemba ya kikosi, yaani mchango wa kupokezana. Kila mwezi mmoja alipokea, na anayepokea alichaguliwa kwa shida aliyonayo, si kwa zamu wala cheo. Mke wangu alianza biashara ya samaki wakavu kwa fedha zile, na watoto wetu hawakuacha shule.

Lakini maswali yale yangekuwa bure kama yeye mwenyewe hayamgusi. Wiki ile Komanda aliporudi kutoka kumzika mama yake, safari ilikuwa imepangwa. Alikuja, akasimama kwenye duara, na zamu yake ilipofika akasema: "Leo mimi siko sawa. Silali. Ndege ataichukua rubani mwingine, nami nitabaki chini." Akaenda kuandika hivyo kwenye daftari, kwa mkono wake, mahali wakubwa wataona. Alikuwa rubani bora tuliyekuwa naye. Hakuna mtu aliyemwona dhaifu. Majuma machache baadaye mwongozaji njia, mwanaume wa kimya sana, alisema mbele yetu kwamba macho yake hayasomi vizuri usiku. Mimi naamini asingesema kamwe kama Komanda asingetangulia.

Watu wanapozungumzia ustahimilivu wanamsifu yule asiyetetereka, anayebeba yote kimya. Mimi nilikaa nyuma ya mtu aliyestahimili kuliko wote niliowajua, na hakuwa kimya. Alisema mapema kinachomlemea, angali na nguvu ya kukisema. Wale wa kimya ndio tuliowazika kabla ya wakati.

Nilipotoka jeshini nilirudi mjini kwetu, nikafungua garaji upande wa barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani. Kamio, yaani malori, zinapita hapo mchana na usiku na shaba zikielekea Zambia na bandari za mbali, na zinarudi na asidi na mashine. Kamio yenye breki mbovu kwenye barabara ile ni ndege yenye mzigo uliozidi. Kwa hiyo asubuhi tunasimama duara. Mwanafunzi mdogo kuliko wote ndiye anayeanza, na sentensi yetu ni "Baba, sijaridhika." Miezi ya kwanza hakuna aliyeisema. Niliwafanyisha mazoezi ya kuitamka kwenye gari lililokuwa halina tatizo lolote, mmoja baada ya mwingine, wakicheka, hadi wakazoea sauti zao wenyewe.

Mwaka huu, wakati mvua zimeanza, kulikuwa na kamio ya shaba iliyotakiwa kuondoka kabla ya foleni ya mpakani kurefuka. Shofa ameshapanda, mwenye mali yuko kwenye simu, anapiga mayowe. Mwanafunzi mmoja, hana hata mwaka kwetu, akaja akasema hajaridhika na gurudumu la nyuma kushoto. Kwa nini? Hakujua kueleza, lilizunguka vibaya, akasema, alipoligusa. Tukasimamisha. Tukafungua gurudumu, ngoma, viatu vya breki, mabomba ya hewa. Saa tatu zikaenda. Hatukupata kitu. Kila kipande kilikuwa kizima.

Mwenye mali alinitukana mbele ya vijana wangu, na hajarudi tena kwangu. Sasa anapeleka kamio zake garaji lingine. Siku hiyo hiyo jioni niliwaita wote, nikamshukuru yule kijana kwa jina lake, na saa zile tatu nikazilipa mimi, sikumkata yeyote. Wenzake wawili walinung'unika kwamba tumepoteza mteja kwa sababu ya mtoto asiyejua kazi. Niliwaambia kwamba Komanda alisimamisha ndege mara nyingi kwa sababu ya sentensi ile, na mara nyingi hapakupatikana kitu, na mara zote alimshukuru aliyeisema kabla hajajua kama kuna kitu. Ukimshukuru mtu pale tu anapokuwa sahihi, umemwambia anyamaze hadi awe na hakika, na breki haitamsubiri awe na hakika.

Asubuhi iliyofuata, kwenye duara, kijana yule alianza tena kama kawaida. Alisema jeki kubwa inavuja mafuta na kwamba yeye hataingia chini ya gari lolote hadi ibadilishwe. Tuliibadilisha.